Kapasita ya Kuingizia Umeme: Usitazame Mikrofaradi Peke Yake

Ndugu mfugaji, ndugu mfanyabiashara,

Wengi wenu mnachaji simu za wateja au mnatotolesha vifaranga kwa umeme wa sola. Kati ya betri na kifaa chako kuna kibao kidogo cha kushusha volti, mara nyingi chenye aisi ya LM2596. Leo nina neno kuhusu kapasita iliyo upande umeme unakoingilia.

Mfugaji mmoja katani kwangu alipoteza mayai yote ya kitotoleshi yakiwa na siku 17 kati ya 21. Kapasita hiyo ilikuwa imevimba, fundi akaweka nyingine ya mikrofaradi zilezile, ya volti 25. "Betri zako mbili ni volti 24, inatosha," alisema. Nami nilikuwepo, nikanyamaza. Haikutosha. Betri za namna hiyo zikichajiwa mchana hukaribia volti 29. Kapasita ikapasuka, kibao kikafa, joto likakatika.

Kapasita hii ni kama pipa la maji. Waya kutoka kwenye betri ni bomba jembamba. Aisi inachota kwa ndoo, mara 150,000 kwa sekunde. Pipa likiwa dhaifu au likiwa mbali, uchotaji huyumba na pipa lenyewe huchemka.

Kwa hiyo mwambie fundi haya manne:

1. Volti: chukua volti ya juu kabisa ya mfumo, zidisha kwa 1.5. Betri moja ya volti 12, weka kapasita ya volti 25 au zaidi. Betri mbili mfululizo, weka ya 50.
2. Joto: iandikwe 105°C, si 85. Kila nyuzi 10 zinazoongezeka hupunguza maisha yake kwa karibu nusu.
3. Aina: iwe ya kazi ya vibao hivi, yenye ukinzani mdogo wa ndani. Iweze kubeba mkondo usiopungua nusu ya unaotumiwa na kifaa chako.
4. Mahali: miguu mifupi, karibu kabisa na aisi. Mstari wa alama ya kutoa uende upande wa hasi.

Najua wapo watakaosema kapasita ni kapasita, bora mikrofaradi zilingane. Mimi sikubali. Tofauti ya bei ni ndogo mno ukilinganisha na trei moja ya mayai. Ukienda kwa fundi, omba uisome mwenyewe kabla hajaichomelea. Mimi siku ile sikuisoma.