Tukague na Vinywa Vyetu

Ndugu wakulima wa Soy, kiwele cha ng'ombe kikivimba twamwita daktari siku ile ile. Lakini kidonda kikitoka kinywani twangoja mpaka kiume. Mimi naona hilo ni kosa kubwa, kwani saratani ya kinywa mara nyingi huanza bila maumivu. Shika kioo penye mwanga, utazame midomo, ufizi, mashavu kwa ndani, na ulimi juu na chini. Ukiona uvimbe, doa jeupe au jekundu, au kidonda kisichopona kwa majuma mawili, nenda zahanati. Watumiao tumbaku na pombe wajihadhari zaidi. Hospitali ya Rufaa ya Moi ipo Eldoret. Ugonjwa uliogunduliwa mapema hutibika kwa wepesi zaidi. Je, ng'ombe wako ana thamani kukushinda?