Mke wa mkulima wa kahawa aandikwe kitabuni

Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Katika vihamba vya Mkoa wa Kilimanjaro msemo huo umekuwa na kasoro moja ya miaka mingi. Anayechuma juani ni mama, lakini anayekaa kivulini na kitabu cha chama cha msingi mkononi ni baba.

Hili si suala la kulaumiana ndani ya nyumba. Ni suala la uchumi, na ndilo mojawapo ya mambo yaliyoliumiza zao la kahawa bila kuzungumzwa vya kutosha.

Ukisikiliza familia za Marangu, Machame, Kibosho au Rombo zikisimulia historia yao, utasikia kwamba babu alipanda kahawa, babu alikuwa mwanachama wa KNCU, na kahawa ya babu ilisomesha watoto. Yote hayo ni kweli. Chama hicho kilianzishwa mwaka 1933, kikirithi kazi ya chama cha awali cha wakulima wazalendo kilichoundwa mwaka 1925, na fedha za kahawa zilibadili maisha ya Wachagga. Lakini katika masimulizi hayo bibi hutajwa mara moja tu: alitoka ukoo gani na alizaa watoto wangapi.

Inafaa kumfuatilia bibi huyo. Aliyeolewa miaka ya 1950 alikuta kihamba chenye migomba, na chini ya migomba ile kuna mibuni. Mgawanyo wa kazi ulijulikana. Mume alipogoa, alipiga dawa na kupeleka kahawa chamani. Mke alipalilia, alibeba samadi na kuchuma. Kisha familia nzima ilishiriki kumenya, kuchachusha, kuosha na kuanika. Ndizi zilikuwa zake, na siku ya soko alizipeleka Mwika au Kiboroloni akarudi na chumvi na mafuta ya taa. Kahawa, zao la fedha, ilikuwa ya mume, na kitabu cha chama kilikuwa na jina moja tu.

Mkwewe, aliyeolewa miaka ya 1970, alikuta hali ngumu zaidi. Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika, na sheria ya kuvirudisha ikapitishwa mwaka 1982. Vihamba navyo vilikuwa vimegawanywa kwa watoto wa kiume hadi vikawa vidogo, na wanaume wengi wakaenda Moshi mjini, Arusha, Dar es Salaam na hata Mombasa kutafuta riziki. Mke aliyebaki akawa meneja wa shamba asiye na cheo. Alishuka tambarare kulima mahindi, akapanda mlima na mabua kichwani kwa ajili ya ng'ombe wa ndani. Ndiye aliyeamua lini kuchuma na nani aitwe kusaidia. Hata hivyo, malipo ya kahawa yalimsubiri mwenye jina.

Kisha yakaja mageuzi. Mwaka 1989 mfumo wa kimataifa wa mgao wa mauzo ya kahawa ulivunjika. Katikati ya miaka ya 1990 wanunuzi binafsi wakaruhusiwa nchini, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 bei ya dunia ikaporomoka. Hapo ndipo hesabu ya mama ilipoonekana. Jasho aliloweka kwenye mgomba lilimrudishia fedha mkononi mwake. Jasho aliloweka kwenye mbuni lilileta fedha ambazo huenda asizione. Akahamishia nguvu zake kwenye ndizi, maziwa na mboga.

Wataalamu wakieleza kudorora kwa kahawa ya Kilimanjaro hutaja uzee wa mibuni, chulebuni, kutu ya majani, bei ya pembejeo na bei ya soko. Sababu hizo zote ni za kweli. Lakini mtu asiyelipwa hupunguza bidii, awe kiwandani au kihambani. Mke wa mkulima hakuwa mvivu. Alikuwa na akili ya biashara.

Ushahidi uko kwenye maziwa. Huko Nronga, wilayani Hai, akina mama walianzisha ushirika wao wa maziwa mwishoni mwa miaka ya 1980. Kazi ya kukata majani na kukamua ni nzito kama ya kahawa, lakini waliifanya, kwa kuwa mwanachama anayepeleka maziwa ni mama mwenyewe.

Sheria si kikwazo kikubwa kama wengi wanavyodhani. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inatambua mchango wa kazi katika mali ya wanandoa, na mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba hata kazi za nyumbani ni mchango. Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999, zimempa mwanamke haki ya ardhi sawa na mwanamume. Tatizo ni kwamba sheria haifiki kihambani yenyewe, na mila za urithi bado zina nguvu. Mume akifariki, mjane aliyelima shamba miaka 40 anaweza kujikuta mgeni mbele ya kikao cha ukoo.

Wapo wanaosema kwamba jina la mke likiingia, ardhi ya ukoo itapotea. Hofu hiyo ieleweke, lakini ipimwe. Kihamba kikiuzwa kimya kimya, muuzaji hawezi kuwa mke, kwa sababu hana cha kuuza. Huuza mwenye jina. Majina mawili yanamzuia kila mmoja kuuza bila mwenzake kujua, hivyo ukoo unapata kinga zaidi, si pungufu.

Hatua zinazotakiwa si za gharama kubwa. Vyama vya msingi viandike mke na mume kitabuni, na malipo yafanyike wote wawili wakijua kiasi. Halmashauri za vijiji, zinapotoa hati za hakimiliki ya kimila, ziulize kwanza nani analima. Maofisa ugani nao wapange mafunzo kwa saa ambazo mama hayuko sokoni wala hajashuka tambarare.

Hatua hizo zina uzito kwa sababu nyingine. Taasisi ya utafiti wa kahawa iliyopo Lyamungo tangu mwaka 2001 imetoa miche bora inayostahimili chulebuni na kutu ya majani. Lakini mbuni mpya unahitaji kama miaka mitatu ya kutunzwa kabla ya kutoa mavuno ya maana. Ni nani atakayepalilia miaka mitatu mti ambao si wake?

Binti anayeolewa leo amesoma, ana simu, na anajua bei ya maziwa na bei ya ndizi. Hatarudia maisha ya bibi yake kwa kuambiwa tu kwamba kahawa ni heshima ya ukoo. Ataitunza akiona faida yake. Kama ukoo unataka mibuni ibaki kihambani, umwandike kitabuni.