Mtaalamu Asinyamaze Barazani

Wako wasemao kwamba kazi ya mtaalamu ni kupima na kuchungua tu, wala haimpasi kusema na watunga sheria. Neno hili silikubali.

Mwaka 1875 tume ya Malkia wa Uingereza iliuliza habari za majaribio yafanywayo kwa wanyama. Charles Darwin, ambaye alichukia ukatili, hakujificha. Alikwenda akashuhudia kwamba elimu ya mwili yayahitaji. Sheria ya 1876 haikuyakataza, bali iliyatia chini ya kibali.

Je, yangalikatazwa kila mahali? Mwaka 1921, mjini Toronto, Banting na Best waliwaondolea mbwa kongosho, wakapata kisukari. Kisha wakawadunga dawa iliyotolewa katika kongosho, na sukari damuni ikapungua. Januari 1922 mtoto wa miaka 14, aliyekuwa karibu kufa, alitiwa dawa hiyo, akapata nguvu. Ndiyo insulini.

Lakini mbwa wale hawakuulizwa, wala hawana kinywa cha kujitetea. Kwa hiyo mtaalamu asiende barazani na faida peke yake. Ataje na maumivu, na hesabu ya wanyama, na kama iko njia nyingine. Maana tangu 1959 Russell na Burch walifundisha kuwabadili, kuwapunguza na kuwapunguzia mateso.

Mficha maradhi, kifo humwumbua. Atakayeficha nusu ya habari, hata nusu ya kweli aliyoisema haitasadikiwa.