Pima Udongo Kwanza: Linux na Kompyuta za Shule za Mtwara

Bandari ya Mtwara, ambayo leo husafirisha korosho, haikujengwa kwa ajili ya korosho. Ilijengwa kwa ajili ya karanga. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mpango mkubwa wa kulima karanga katika Tanganyika, huko Kongwa, Urambo na Nachingwea. Bandari hiyo, pamoja na reli iliyounganisha pwani na Nachingwea, zikajengwa ili kubeba mavuno. Matrekta yaliletwa kwa wingi, na baadhi yake yalikuwa vifaru vya vita vilivyogeuzwa. Lakini udongo na mvua havikupimwa ipasavyo. Mwaka 1951 mpango uliachwa, na reli nayo ikafungwa mapema katika miaka ya 1960. Mitambo haikukosekana. Kilichokosekana ni kupima kabla ya kutenda.

Yafaa habari hiyo ikumbukwe na kila shule ya sekondari ya pwani hiyo inayofikiria leo kubadili mfumo endeshi wa kompyuta zake. Sababu ya kufikiria hivyo ipo. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida kwa Windows 10. Windows 11, iliyochukua nafasi yake, hudai chipu maalumu ya usalama na prosesa za miaka ya karibuni. Kompyuta iliyonunuliwa ikiwa imekwisha kutumika, au iliyotolewa kuwa msaada, mara nyingi haitimizi masharti hayo, ingawa bado ni nzima. Kuitupa ni hasara. Kuiacha bila matengenezo ya usalama ni hatari. Ndipo jina la Linux linapotajwa.

Linux na matoleo yake

Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Ufini, alianza kuandika kiini cha mfumo endeshi, yaani programu inayogawa kumbukumbu, prosesa na vifaa vya kompyuta kwa programu nyingine zote. Kiini hicho ndicho Linux. Peke yake hakimtoshi mtumiaji, kwani huhitajiwa pia programu za madirisha, za kuandikia na za kuchapia. Kwa hiyo makundi mbalimbali hukusanya programu hizo pamoja na kiini, huzijaribu, kisha huzitoa zikiwa kitu kimoja. Kila mkusanyo wa namna hiyo huitwa toleo.

Toleo la Debian lilianzishwa mwaka 1993. Ubuntu lilitokea mwaka 2004 juu ya msingi wa Debian, na Linux Mint mwaka 2006 juu ya msingi wa Ubuntu. Jina Ubuntu limetoka katika lugha za Kinguni za Afrika Kusini, na msemaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani: ni utu. Leseni za matoleo hayo humruhusu mtu kuyanakili na kuyagawa bila malipo. Nakala moja iliyopakuliwa Mtwara mjini yaweza kupita katika flashi hadi Nanyamba au Kitaya, na hakuna sheria iliyovunjwa.

Kwa nini kioo huwa cheusi

Anayeanza huzoea kuuliza toleo lipi ni zuri zaidi. Swali hilo huja mapema mno. Kikwazo kinachowakatisha tamaa wengi hutokea katika dakika ya kwanza: kompyuta huwashwa, maandishi machache hupita, kisha kioo huwa cheusi. Mwanafunzi hudhani ameiharibu mashine, na mwalimu huamua kwamba Linux haifai. Wote wawili wamekosea, na yapasa sababu ielezwe.

Mlango wa bandari ya Mtwara ni mwembamba. Nahodha wa meli ngeni, hata awe hodari namna gani, huhitaji rubani wa bandari, kwa kuwa rubani ndiye ajuaye mkondo na kina cha mahali hapo. Kiini cha Linux ni kama nahodha huyo. Kadi ya michoro, yaani sehemu ya kompyuta inayotengeneza picha ya kwenye kioo, ina njia zake za ndani ambazo hutofautiana kwa kila mtengenezaji. Programu ndogo izijuazo njia hizo huitwa kiendeshi. Kiendeshi kikikosekana, au kikiwa si chake, picha haifiki kwenye kioo, ingawa huenda mashine yenyewe inafanya kazi barabara.

Watengenezaji wakuu wa vifaa vya michoro ni watatu. Intel na AMD huchangia viendeshi ambavyo maandishi yake ya programu yako wazi, navyo huwekwa ndani ya kiini chenyewe. Kwa sababu hiyo kompyuta zenye vifaa vyao kwa kawaida huonyesha picha bila taabu. NVIDIA ilificha siri za kadi zake kwa miaka mingi. Watu wa kujitolea walilazimika kuchunguza jinsi kadi hizo zinavyotenda, mfano wa wavuvi wapimao kina cha maji kwa bildi gizani, na kutokana na uchunguzi huo wakaandika kiendeshi kiitwacho nouveau. Mwezi Mei 2022 kampuni hiyo ilifungua sehemu ya viendeshi vyake, lakini kwa kadi za karibuni tu. Kadi zake kuukuu zimebaki na nouveau, au na viendeshi vya siri ambavyo kampuni huacha kuvihudumia baada ya muda.

Mwenye kuelewa hayo hatishwi na kioo cheusi. Katika orodha inayotokea mwanzo wa kuwasha, huongeza neno nomodeset kwenye mstari wa amri za kiini. Neno hilo hukiambia kiini kiiache kadi ya michoro kama ilivyo, na picha ya kawaida hutokea. Kisha, katika dirisha la amri, huandika lspci -k na kusoma jina la kadi pamoja na kiendeshi kinachoitumia. Baada ya kuweka kiendeshi kinachofaa, neno lile huondolewa. Likiachwa, mara nyingi kazi ya kuchora humwangukia prosesa, na kompyuta huwa nzito pasipo sababu ya kuonekana.

Jinsi ya kuchagua

Bahati njema ni kwamba toleo la Linux, tofauti na shamba la Nachingwea, laweza kupimwa bila gharama. Ubuntu na Linux Mint huendeshwa kutoka kwenye flashi bila kugusa diski ya kompyuta, na Debian lina nakala maalumu ya kazi hiyo. Katika nusu saa mwalimu hujua kama kioo kinaonyesha ukubwa wake kamili, kama video hucheza bila kukwama, na kama sauti na intaneti vipo. Hilo ndilo jaribio la udongo, na hapana budi lifanywe kwa kila aina ya kompyuta iliyomo shuleni kabla diski moja haijafutwa.

Baada ya hapo maswali matatu yanatosha. La kwanza ni uwezo wa mashine. Kompyuta yenye kumbukumbu ya gigabaiti 4 huhangaika kubeba madirisha ya fahari ya GNOME, lakini hubeba vyema madirisha mepesi ya Xfce. La pili ni muda wa matunzo. Ubuntu hutoa kila baada ya miaka 2 chapa inayotunzwa kwa miaka 5. Shule haihitaji mfumo unaobadilika kila mwezi. La tatu, ambalo ndilo kubwa kuliko yote, ni jirani: nani aliye karibu anayelitumia toleo hilo? Toleo la wastani linalojulikana na shule ya pili lina faida kuliko toleo bora lisilojulikana na mtu yeyote katika mkoa.

Pingamizi

Watatokea wasemao kwamba Windows ndiyo itumikayo maofisini, na kwamba mwanafunzi aliyezoea Linux atapotea. Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Programu ya mahesabu au mashine ya kuchapa isiyofanya kazi katika Linux ni sababu halali ya kuacha kompyuta moja au mbili kama zilivyo. Lakini kuandika barua na kupanga majedwali ni ujuzi uleule katika programu yoyote. Aidha, ni uwazi wa programu uliouwezesha mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kutoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili mwaka 2004, bila kusubiri kampuni ya ng'ambo ione faida ya kibiashara.

Hatari iliyo kubwa zaidi ni nyingine. Ni ile ya fundi anayekuja kwa siku moja, akaweka Linux katika kompyuta zote, akaondoka, na asiachie shule hata ukurasa mmoja wa maelezo. Siku kiendeshi cha michoro kitakapogoma, chumba kitafungwa na kompyuta zitapata vumbi na kutu ya hewa ya chumvi. Huo utakuwa mpango wa karanga uliorudiwa kwa udogo.

Kwa hiyo shule zilizo jirani hazina budi kukubaliana juu ya toleo moja, na kila shule iwe na daftari linaloandikwa na wanafunzi wenyewe: aina ya kompyuta, jina la kadi ya michoro, kiendeshi kilichofaa, tatizo lililotokea na namna lilivyotatuliwa. Daftari hilo halina gharama. Wanafunzi wa kidato cha nne watakapoondoka, wa kidato cha tatu watalikuta, na kioo kitakapokuwa cheusi watajua pa kuanzia.