Silaha Haidai Misuli Peke Yake

Mwandishi aliyependekeza kwamba kila silaha katika michezo ya njozi ya mezani iwekewe kiwango cha nguvu, na asiyekifikia asiiguse kabisa, amesahau kuuliza swali la kwanza: silaha yenyewe imetoka wapi?

Dungeons & Dragons, kwa kanuni zake za 2024, haimnyang'anyi mtu silaha. Mwenye nguvu chini ya 13 akishika silaha nzito ya mkononi hurusha dadu mbili na kuhesabiwa iliyo ndogo. Anapigana, ila vibaya. Adhabu hiyo inatosha.

Sasa uhamishie mchezo bonde la Pangani, karne ya 19. Wazigua wa Handeni walipata bunduki mapema kupitia biashara ya pwani, huku Vuga, makao ya Kimweri ye Nyumbai, mfalme wa Washambaa, ikiwa juu milimani, mbali na njia za misafara. Kimweri alipofariki mwaka 1862, kiti kilirithiwa na mjukuu wake Shekulwavu. Lakini Semboja, mwana wa Kimweri, alikuwa Mazinde, katika wilaya ya Korogwe ya leo, kando ya njia ya misafara, na bunduki zilimfikia. Akamfurusha Shekulwavu kutoka Vuga. Nani aliwapima misuli? (Pande la mtu lenye bunduki bila baruti limebeba rungu la bei ghali, basi.)

Kwa hiyo, ndugu yangu, ukiandika kanuni za nyumbani kwako, dai baruti, dai mfanyabiashara anayekuamini, dai njia ya kufika pwani. Kiwango cha nguvu uwekee upinde mzito tu.