Taja Siku ya Kurudi

Ndugu msomaji, nakuuliza swali moja. Kaka yako au dada yako anayeishi mbali, mara ya mwisho mlionana wapi? Fikiri kwanza, kisha ujibu. Nimewauliza hivyo wanakisomo wengi hapa Nkome. Wengi walinijibu kwamba walionana msibani.

Watu wa Nkome hatukutoka mahali pamoja. Wapo Wazinza na Wasukuma. Wapo Wakerewe, Wakara, Wajita na Waha. Walikuja kulima, kuvua na kuuza samaki, na kila mmoja aliacha ndugu nyuma. Wengine waliozaliwa hapa nao wametoka. Mmoja amefuata dhahabu Nyarugusu. Mwingine ameolewa Kahama. Mwingine anafuga ng'ombe Shinyanga. Ndugu wa tumbo moja wanazeeka bila kuonana. Watoto wao wakikutana gulioni Katoro, watapishana kama wageni. Siku wazazi wakifa, watoto hao hao ndio watakaoitwa wakae pamoja na kugawana shamba. Je, watasikilizana vipi?

Watu husema, "Siku hizi kuna simu." Simu ni nzuri, lakini haikuonyeshi kwamba dada yako amekonda. Haikuonyeshi paa linalovuja. Mtu akiulizwa kwenye simu, "Hamjambo?" hujibu, "Hatujambo," hata kama watoto walilala na njaa. Ukifika kwake utaona mwenyewe.

Wengine husema njia ni ngumu. Zamani sababu hiyo ilikuwa na nguvu. Anayekwenda Shinyanga kwa kupitia Mwanza ilimbidi avuke ziwa kwa kivuko, kutoka Busisi mpaka Kigongo. Siku za watu wengi, magari yalipanga foleni saa nzima au zaidi. Mwezi wa Juni 2025 lilifunguliwa hapo daraja la J. P. Magufuli. Urefu wake ni kilomita 3. Basi hupita juu ya maji kwa dakika chache tu.

Mimi naona sababu ya kweli ni nyingine. Tunaogopa kutembeleana kwa sababu ziara zetu hazina mwisho. Mgeni anafika na mfuko wake. Hakusema anakuja lini, wala hasemi ataondoka lini. Siku ya kwanza anachinjiwa kuku. Siku ya pili anapikiwa wali. Siku ya sita mama wa nyumba anachungulia kihenge na kuhesabu debe zilizobaki. Hawezi kumwuliza ndugu, "Unaondoka lini?" Itakuwa kama kumfukuza. Mgeni naye anaona haya kuaga mapema, wasije wakasema hakupendezwa. Basi wote wananyamaza. Baada ya wiki 3 mgeni anarudi kwake, anakuta magugu yameshika shamba na mbuzi mmoja hayupo. Mwaka unaofuata, wenyeji na wageni wote wanasema hawana nafasi.

Dawa yake ni ndogo. Taja siku ya kurudi kabla hujaondoka nyumbani. Sasa unajua kuandika. Mwandikie ndugu yako ujumbe, hata kwa simu, namna hii:

"Dada, salaam. Tutafika kwako Jumamosi, mimi na watoto wawili. Tutarudi Jumatano asubuhi. Tutakuja na dagaa. Ni mimi kaka yako."

Dada akisoma maneno hayo atajua apike kiasi gani na aazime mkeka kwa nani. Na Jumatano asubuhi hakuna atakayeona haya.

Najua wazee wengine watanipinga. Watasema hiyo ni tabia ya watu wa mjini, ndugu hahesabiwi siku. Nawaheshimu wazee. Lakini wahenga wenyewe walihesabu: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wako wanaodhani methali hiyo ni ya kumfukuza mgeni. Mimi siielewi hivyo. Nani humpa jembe lake mtu anayemfukuza? Kumpa jembe ni kumwambia kwamba sasa yeye ni wa nyumbani. Tena kwa ndugu usingoje siku ya tatu. Kama shemeji anaezeka, mpandishie nyasi kesho yake asubuhi. Kama wifi anatwanga, pokea mchi.

Chagua pia wakati wa kwenda. Mkulima asisafiri mvua za kwanza zinapokaribia, mwezi wa 10 au wa 11. Asisafiri wakati wa palizi. Mwezi wa 2 si mzuri, kwa sababu kihenge cha mwenyeji wako kinaweza kuwa kimebaki vumbi. Wakati mzuri ni kati ya mwezi wa 7 na wa 9. Mavuno yamo ndani, kwako na kwake, na fedha ya pamba haijaisha.

Mvuvi wa dagaa anayo kalenda yake mbinguni. Dagaa huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kubwa, dagaa hawaifuati taa vizuri, na mitumbwi hupumzika mwaloni. Vijana wengi humaliza siku hizo, na fedha zao, kwenye vilabu vya pombe. Siku hizo hizo zinatosha kwenda kumwona kaka na kurudi kabla giza halijaingia tena. Mvuvi hana haja hata ya kufikiri siku ya kurudi. Mwezi umekwisha kumtajia.

Sasa naomba kusema na akina baba. Mkeo naye ana ndugu. Mama mmoja wa kisomo aliniambia kwamba tangu aolewe amekwenda kwao mara mbili tu, na mara zote mbili ni mazishi. Akiomba ruhusa, mumewe humwambia, "Ukienda hutarudi." Hofu ya mume huyo imetoka pale pale: siku haikutajwa. Mkeo akiondoka Jumamosi na kurudi Jumatano, wewe utasonga ugali siku 4. Sijasikia mwanamume aliyekufa kwa kusonga ugali siku 4. Na nauli itoke katika fedha ya pamba. Mama naye aliipalilia, akaivuna.

Wenye ndugu visiwani nawaomba jambo moja. Chombo kikijaa, ngojeni kingine. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara. Kiliruhusiwa kubeba watu 101. Siku ile kilibeba zaidi ya mara mbili, na waliokufa walizidi 220. Ilikuwa siku ya gulio, na wengi walikuwa wanarudi kwao. Kuchelewa siku moja si kuvunja ahadi. Piga simu useme.

Ukifika kwa ndugu yako, usikae kitini tu. Tembea shambani kwake, uliza maswali. Tuseme umekwenda Shinyanga. Huko zamani za ukoloni miti mingi ilifyekwa ili kuua mbung'o. Baadaye watu wakaongeza mashamba na kukata kuni, nchi ikabaki tupu. Mwaka 1986 Serikali ilianza mpango wa HASHI, maana yake Hifadhi Ardhi Shinyanga. Kazi kubwa ya mpango huo ilikuwa kufufua desturi ya Wasukuma wenyewe, inayoitwa ngitili. Watu hutenga kipande cha malisho na kukifunga wakati wa mvua. Majani na miti hukua. Kiangazi kikiwa kikali, ndipo hukifungua kwa ng'ombe. Zaidi ya hekta 300,000 zilipata uhai tena kwa njia hiyo. Hapa Nkome tunachoma kuni nyingi kukaushia samaki, na wanawake wanazidi kwenda mbali kuzitafuta. Mtu aliyeiona ngitili ya shemeji yake kwa macho anaweza kusimama kwenye mkutano wa kijiji akaeleza, na watu wakamsikia kuliko wanavyonisikia mimi.

Jumatano ikifika, ondoka. Dada atakusihi ukae kidogo, na atakusihi kwa kweli, maana roho yake inauma. Mwambie utamngoja yeye kwako, umtajie na mwezi. Kama ana daftari, mwandikie humo. Usimwachie mtoto wako kwa sababu tu mtoto amependa kubaki. Mtoto ana shule, na sahani ya mtoto hujazwa kila siku. Jambo kama hilo linataka mashauri ya watu wazima, si maneno ya mlangoni.

Ukifika Nkome, nenda kwanza kwa jirani aliyekuangalizia mbuzi. Mpe michembe kidogo uliyofungiwa na dada, kisha umwulize habari za mifugo. Kesho yake amka saa yako ya siku zote. Najua mwili utakuwa mzito na maneno yatakuwa mengi. Wapo wenzetu wanaosafiri siku 4 wakasimulia siku 10 chini ya mwembe, na jembe limeegemea ukuta. Simulia jioni.

Na siku ya kisomo njoo darasani na daftari lako. Uwe umeandika humo nauli ya kwenda, nauli ya kurudi, bei ya zawadi na chakula cha njiani. Tutajumlisha pamoja ubaoni. Jumla hiyo ndiyo fedha ya safari ya mwaka ujao. Iweke kando siku ile ile utakayouza pamba, kabla hujapita dukani.