Barua kutoka Marekani kwa Watu wa Suam: Bili ya Jino Inapozidi

Bili ya jino huzidi matarajio kwa sababu bei inayotajwa mlangoni mara nyingi ni ya kazi moja tu: kung'oa, au kuziba. Kadi, kumwona daktari, picha ya eksirei, ganzi na dawa za kumeza huandikwa kila kimoja kwenye mstari wake. Tena kazi yenyewe hubadilika mgonjwa akiwa kitini. Gego lililoonekana la kuzibwa tu, likishatobolewa, hukutwa limeoza hadi kwenye neva. Hapo hutakiwa litibiwe mzizi, kisha livikwe kofia, na kofia hutozwa peke yake. Huo si wizi, ingawa jamaa aliye ng'ambo, aliyetuma pesa za kuziba na kupigiwa simu muda mfupi baadaye aongeze, hudhani ni wizi.

Kwa mgonjwa wa Suam kuna gharama isiyoandikwa kwenye bili yoyote. Kutibu mzizi huweza kumrudisha kliniki zaidi ya mara moja, na kila mara ni nauli ya kupitia Endebess hadi Kitale, kwenda na kurudi. Wakishapiga hesabu hiyo, wengine huamua kung'oa. Ni uamuzi wa haki, mradi ufanywe kabla ya sindano ya ganzi.

Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 inamtaka mhudumu amweleze mgonjwa njia za matibabu zilizopo, pamoja na faida, hatari na gharama zake, kwa lugha anayoielewa. Kwa hiyo kuuliza "Jumla ni ngapi, na likikutwa limeoza zaidi itakuwa ngapi?" si ufidhuli. Jibu liandikwe, lipigwe picha, atumiwe mlipaji kabla hajatoa hata senti. Dirishani iulizwe pia habari ya SHA, mamlaka ya bima ya afya iliyoshika nafasi ya NHIF Oktoba 2024: kujiandikisha ni jambo moja, kazi ya jino kulipiwa ni jingine.

Marekani, tangu Januari 2022, mgonjwa asiye na bima hustahili makadirio ya maandishi. Bili ikiyapita kwa dola 400 au zaidi, ana siku 120 za kuipinga. Nyumbani, mzozo huanza kwa kudai bili yenye mchanganuo, kisha humfikia msimamizi wa kliniki. Malalamiko juu ya mwenendo wa daktari hupelekwa KMPDC, baraza linalowasimamia madaktari wa meno. Uvimbe unaobana pumzi ni dharura, na Kifungu cha 43 cha Katiba kinakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura, hata kama malipo ya awali hayajapatikana.